Mume wa Kidawa

Ukipita Kwaluguru siku ya gulio ukasikia mbwa anabweka kwenye spika, usihangaike kumtafuta, ni mimi. Farasi pia ni mimi. Bwana Kutu mwenye meno ya chuma, askari wake wote, mpishi wake, na yule Mzee Mhunzi anayekohoa kila baada ya neno, wote hao ni mimi Muhidini Semboja, mwenye banda la video jirani na mashine ya kusaga. Kazi yangu kutafsiri sinema. Nakaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni, nashika maiki, sauti ya wenyewe naishusha, naweka ya kwangu, watu wanaelewa.

Kwenye katuni ile ya Bwana Kutu ni mtu mmoja tu ambaye hakuwa mimi, na ndiye stelingi, shujaa mwenyewe. Kidawa alikuwa mke wangu, Ikram.

Kama hujaiona nikueleze kabisa, usije ukanikatisha mbele ya safari. Kidawa ni msichana wa kuchorwa, mwembamba, ana joho la bluu. Akikunja ngumi upepo unaingia mle ndani, akifungua ngumi ukuta unaanguka. Aliokotwa mtoni akiwa kichanga, akalelewa na Mzee Mhunzi. Bwana Kutu anataka kutia kutu kila jembe na kila sufuria duniani ili watu wampigie magoti. Sehemu ziko arobaini. Ililetwa na mchuuzi mmoja kwenye flashi, na jina lenyewe la yule binti lilikuwa halitamkiki. Ikram akasema, "Huyu tumwite Kidawa, kama shangazi yangu wa Korogwe. Naye ukimwona amekaa kitako ujue anaumwa." Likabaki hilo.

Sasa nikiri jambo ambalo kwa miaka mingi nilikuwa nalimeza. Mimi niliishia la saba, Ikram alimaliza kidato cha nne. Wale wa kwenye katuni wanaongea lugha ya kwao huko Asia, chini yanapita maandishi ya Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Kabla Ikram hajashika maiki nilikuwa natafsiri kwa kusoma sura. Mtu akinuna, namtukanisha. Akilia, nasema kafiwa na mama. Wateja hawakuwa na neno, maana mtafsiri anayependwa huku kwetu ni yule anayetia chumvi. Adui lazima amtaje mtu wa kijijini, amtanie kipara chake au jogoo wake, na watu wanakuja hasa kusikia leo nani kasemwa. Ikram hakuwa hivyo. Yeye aliyasoma maandishi kweli, akayavalisha Kiswahili cha kwetu, hakuongeza wala hakupunguza. Na ile sauti aliyompa yule binti, we acha tu. Mimi mwenyewe nilikuwa nasahau zamu yangu ya kubweka.

Basi Kwaluguru ikaugua Kidawa. Wasichana wa shule walijifunga kanga shingoni wakawa wanaruka kutoka juu ya vichuguu, mmoja akateguka mkono, mwalimu mkuu akapiga marufuku kanga. Vijana wa bodaboda walichora jina lake kwenye madigadi. Walizaliwa mbuzi wanne na mtoto mmoja, wote wakaitwa Kidawa, na mwenye mtoto akawakasirikia wenye mbuzi. Watu walikuwa wanachukua sauti tupu wanaiweka kwenye memori kadi, wanalima mahindi huku wanasikiliza. Ukipita njia ya kisimani mchana unamsikia mke wangu kwenye simu ya huyu, kwenye redio ya yule, anawatisha maadui.

Na kutoka nyikani, mbele kabisa ya Kwedizinga, alikuwa anakuja Nkasiogi, binti wa mzee Metito, mfugaji wa Kimaasai. Anatembea saa tatu kuja na saa tatu kurudi. Akishauza maziwa yake gulioni anakuja kukaa benchi la mbele na vibuyu vitupu miguuni. Siku moja alinisimulia kwamba fisi alipovamia ndama wao, yeye hakupiga yowe. Alikunja ngumi akamwambia fisi maneno ya Kidawa, "Rudi ulikotoka kabla sijafungua mkono." Fisi akaondoka.

"Labda aliogopa rungu la baba yako," nikamwambia.

Nkasiogi akanitazama kwa huruma. "Mzee, wewe unafanya kazi hii lakini huiamini."

Nilicheka, lakini hakuwa amekosea. Mimi niliamini makofi, na makofi yalikuwa hayaji kwangu. Ukimwonea wivu mtu mnayekula naye sahani moja, unateseka asubuhi, mchana na jioni, na huna pa kuupeleka. Vijana walikuwa wanaandika bango la chaki mlangoni, "Leo Ikram ndani ya Kidawa", jina langu halipo, na banda ni langu. Nilikuwa nacheka nao. Halafu siku ya Idi pili, asubuhi, akapita msafiri mmoja na pikipiki, akasimama, akanisalimia kwa adabu zote. "Shikamoo mzee. Samahani, wewe ndiye mume wa Kidawa?" Nikamwambia ndiyo mimi. Ningemwambia nini? Jina hilo nikashinda nalo siku nzima.

Saa nane mchana banda lilikuwa limejaa mpaka watoto wamekaa juu ya magoti ya watu. Tulikuwa sehemu ya thelathini na moja. Bwana Kutu amemkamata Kidawa, kamfunga minyororo, anamzunguka huku anamcheka. Maandishi yalikuwa yanasema kitu kuhusu upepo, sikumbuki. Nilikuwa nimeshawataja wawili watatu, watu hawana mbavu, na mimi nikishachekewa huwa sijui kusimama. Nikasema kwa sauti ya Bwana Kutu: "Wewe ni upepo mtupu. Miaka kumi na minane umekaa kwenye nyumba ya mwanaume, hujaanika hata nepi moja kwenye kamba yake."

Kila mtu Kwaluguru alijua ni nani aliyeolewa miaka kumi na minane na hana mtoto. Kicheko kilianza, kikakatika. Benchi la wanawake ndilo lililonyamaza kwanza. Ikram akazima maiki yake, akaiweka kwenye benchi, akajitanda mtandio vizuri, akapita katikati ya watu mpaka nje. Kidawa akabaki kwenye kioo anapanua mdomo. Na mimi, mjinga wa wajinga, nikaendelea mpaka mwisho wa sehemu.

Kuna jambo ambalo watu wale hawakulijua. Tulishaambiwa hospitali tupime wote wawili. Ikram alipima, akaambiwa hana tatizo lolote. Siku yangu ya kwenda ilipofika nikasema naezeka banda. Banda likaezekwa, likachakaa, likaezekwa tena, sikwenda. Dada zangu walimsema Ikram, majirani wakamsema, akanyamaza miaka yote hiyo ili mimi nisitirike. Mtu aliyenisitiri namna hiyo ndiye niliyemvua nguo kwenye maiki.

Niliporudi nyumbani sanduku lake la nguo halikuwepo. Alikuwa amekwenda Korogwe kwa kaka yake, Salimu, mtaa wa Manundu.

Mwezi wa kwanza nilijipa moyo kwa hasira. Ataenda wapi, nikasema, atarudi mwenyewe. Mwezi wa pili hasira iliisha nikabaki na nyumba. Watu wanadhani upweke ni kimya. Kwangu ilikuwa kinyume chake. Sauti ya mke wangu ilikuwa kila mahali isipokuwa ndani. Naenda kununua chumvi, iko dukani inamkemea Bwana Kutu. Naenda shambani, inatoka kwenye kiuno cha jirani anayepalilia. Nikirudi, nafungua mlango, hakuna hata wa kuniuliza mbona nimechelewa. Nilikuwa nasonga ugali wa watu wawili kwa mazoea, nusu nawapa kuku. Kuna mchana nilifunga banda kwa ndani, nikaweka nakala ya sehemu ya kwanza yenye sauti yake, nikashika maiki na kumjibu mstari kwa mstari mpaka sehemu ya tano, peke yangu, na mabenchi matupu. Nililia, sina sababu ya kuficha.

Simu zangu hakupokea. Nikatuma wazee wawili, mmoja mjomba wangu Sadala, anayejua kusema. Walirudi jioni, wamenywea.

"Ametupokea vizuri," mjomba akasema. "Chai tumekunywa. Lakini anasema alitukanwa kwenye maiki mbele ya banda zima, na sasa analetewa msamaha wa uani."

"Sasa anataka nini?"

"Hakusema, mwanangu. Na mimi sikumuuliza, niliona haya kwa ajili yako."

Huku nyuma wateja walikuwa wananidai Kidawa. Sehemu ya thelathini na mbili nilijaribu kumfanya mwenyewe kwa sauti ya pua. Watoto walicheka mpaka mmoja akajikojolea, watu wazima wakaondoka. Nikamchukua Yuditha, mwanakwaya, sauti tamu kweli, lakini Kidawa wake alikuwa anapigana kama anayesoma matangazo ya ibada. Mabenchi yakaanza kupungua. Nkasiogi alivumilia sehemu tatu, ya nne akaja kwenye kigoda changu kabla hajaondoka.

"Mzee, huyu amevaa tu nguo za Kidawa. Mwenyewe amekwenda wapi?"

"Korogwe."

"Mfuate basi. Korogwe si mbali. Mimi kuja hapa nakanyaga njia ndefu kuliko moyo wako."

Nikamwambia arudi kwa ng'ombe wa baba yake. Lakini maneno ya mtoto wa watu yalinifanyia kazi. Nikafikiri, nikapata ujanja. Katika sehemu ya thelathini na tisa Mzee Mhunzi yuko peke yake, anapuliza moto, hasemi kitu kwa dakika nzima. Mimi nikamsemesha. Nikamfanya amwambie Kidawa, aliyekuwa mbali vitani, "Nisamehe mwanangu, mdomo wangu ulinitangulia. Nyumba imepoa. Rudi." Nilitia machozi mle, wanawake wakapenga makamasi. Nakala zikasambaa kama kawaida, nikangoja ifike Korogwe. Wiki tatu, kimya. Uzalendo ukanishinda, nikapanda gari Mkata.

Salimu alinipokea kwa heshima ya mbali. "Karibu shemeji, kaa hapo," akasema, na hapo kwenyewe ni barazani. Ikram alitoka ndani na futi ya kitambaa shingoni. Alikuwa anashona sare za shule, cherehani iko dirishani. Alikuwa amenenepa kidogo, amepata nuru. Nilimwona mzuri, na nikaumia kwamba uzuri ule umepatikana bila mimi.

"Hujambo Muhidini."

"Sijambo. Habari za hapa?"

"Nzuri. Wateja wananiambia sauti yangu kama ya Kidawa, nawaambia tumefanana tu."

Alitaka nicheke, nami nikajaribu. Halafu nikamuuliza kama ameisikia sehemu ya thelathini na tisa.

"Nimeisikia. Iko mpaka stendi."

"Yale maneno ya Mhunzi hayamo kwenye maandishi. Niliyaweka mimi."

"Najua hayamo, Muhidini. Maandishi nayajua kusoma." Akakaa kwenye mkeka, mbali kidogo. "Ulinitukana kwa mdomo wa Bwana Kutu. Ukaniomba radhi kwa mdomo wa Mhunzi. Wewe mwenyewe uko wapi humo?"

Kichwa kiliniwaka moto. Nimetoka Kwaluguru, nimevaa kanzu ya Idi, nimekaa barazani kama muuza vyombo, halafu naulizwa niko wapi. Nikasimama, nikasema asante kwa maji, nikaondoka bila hata kumuaga shemeji. Nilitembea mpaka stendi nikijisemesha kwa hasira. Nilipofika Segera kubadilisha gari, nimekaa kwenye ubao nangoja, hasira ikashuka yenyewe, na nikaona kwamba Ikram hakunitukana. Aliniuliza swali, tena swali dogo, na mimi nililikimbia.

Gulio lililofuata watu hawakufika hata thelathini. Niliwasha maiki. Televisheni sikuwasha. Walikaa wakiangalia kioo cheusi, mmoja akauliza kama umeme umekatika.

"Umeme upo," nikasema. "Mimi ni Muhidini Semboja. Leo sitafsiri mtu. Siku ya Idi pili nilimtukana mke wangu hapa, mkasikia. Maneno yale hayakuwa ya Bwana Kutu, yalikuwa yangu, na yalikuwa ya uongo. Hospitali walituambia tupime wote wawili. Ikram alipima, hana tatizo. Mimi niliogopa, sikwenda, na mpaka leo sijaenda. Miaka yote mliyokuwa mnamsema alikuwa ananisitiri. Nimemkosea, na namuomba radhi mbele yenu."

Wanaume walikuwa wanaangalia miguu yao. Nilidhani nimemaliza, kumbe Nkasiogi amesimama, simu mkononi.

"Mzee, irudie. Nilikuwa sijabonyeza."

Nikairudia. Mara ya kwanza ilinitoka kwa kasi kama mtu anayeruka moto. Mara ya pili nilisikia kila neno linavyopita, na lile la kuogopa lilinikwama, nikalisema mara mbili. Nkasiogi akabonyeza, akasema, "Imeingia." Kufikia Ijumaa maneno yangu yalikuwa yanatoka kwenye simu za watu njia ya kisimani. Wengine walinicheka hadharani, na mzee mmoja aliyekuwa rafiki yangu akaacha kunipa mkono. Nikajikaza kisabuni.

Siku ya kumi Salimu akapiga simu. "Shemeji, Ikram anasema umtumie sehemu ya arobaini. Ataingiza sauti."

Niulize nilivyofanya siku zile. Nilipiga chokaa nyumba yote, mpaka choo. Nikaezeka jiko upya, kuti kwa kuti, nikanunua godoro, nikalipitisha katikati ya kijiji mchana kweupe juu ya baiskeli ili kila mtu alione. Vijana wa bodaboda wakaniita bwana harusi. Niliwaacha waseme, nilipenda. Nilikuwa nikijiambia kwamba mwanamke aliyeudhika hawezi kukupa sauti yake bure bure. Akikupa sauti, mwenyewe yuko nyuma yake njiani. Nilikuwa nalala upande mmoja wa lile godoro, upande wa pili nauacha na shuka lake halijakunjuliwa.

Flashi aliileta Salimu mwenyewe, siku ya gulio, saa tisa alasiri. Nilimtazama nyuma yake kama kuna mtu. Alikuwa peke yake.

"Kasema usiisikilize kabla," akaniambia. "Watu wakae kwanza, ndiyo uiwashe."

"Na yeye?"

"Mimi nimetumwa flashi, shemeji."

Banda halikutosha. Tuliazima mabenchi ya madrasa, Wamaasai wakasimama dirishani na fimbo zao, wasichana wamekuja na kanga shingoni mwalimu mkuu akiwa humo humo, na hakusema kitu. Nkasiogi alikuwa benchi la mbele na dada zake wawili aliowatembeza kutoka nyikani. Nikawasha.

Ikram alikuwa amejirekodi mstari kwa mstari kufuata picha, ameniachia nafasi zangu nijaze mwenyewe na maiki. Zote zilikuwepo. Ya kubweka ipo, ya askari kukimbia ipo. Aliniachia hata nafasi ya kikohozi cha Mzee Mhunzi, tena kwa urefu wake uleule. Tulikuwa hatujakaa pamoja miezi kumi na mmoja, na bado alijua nakohoa kwa muda gani. Nilifanya kazi siku ile kuliko siku zote za maisha yangu. Nilikuwa na furaha, nasema ukweli. Kidawa alimwangusha Bwana Kutu, Kutu akawa rundo la misumari, na wasichana wote wakasimama na ngumi juu. Baba zao wakawaambia wakae, hawakukaa.

Halafu ikaja ile ya mwisho. Vita vimekwisha, Kidawa amesimama mlangoni kwa Mzee Mhunzi, mzee ananyanyua uso. Nikasema zamu yangu, "Umerudi, mwanangu?" Nikakohoa. Chini yakapita maandishi ya jibu lake, mafupi sana. Kiingereza changu nimeshakueleza, lakini neno la nyumbani nalijua hata mimi. Maandishi yalisema ndiyo baba, nimerudi nyumbani.

Ikram, ambaye hakuwahi kuongeza wala kupunguza neno la mtu, akasema kwa ile sauti:

"Nimesikia ulivyosema mbele ya watu. Nimekusamehe, kutoka moyoni kabisa. Lakini sirudi. Usinipikie, wala usiuache mlango wazi kwa ajili yangu. Huku niliko nimetulia."

Kwenye picha yule binti aliingia ndani, akavua joho, akakaa jikoni karibu na moto. Mdomo wa Mzee Mhunzi ukaanza kucheza, zamu yangu imefika, na banda zima limegeuka kunitazama mimi. Nikasogeza maiki mdomoni.

"Haya," nikasema. "Nimesikia."

Ilitoka sauti yangu mimi, haikuwa ya mzee, na sikukohoa. Makofi yalipigwa mpaka vumbi likashuka kwenye mabati. Wanawake walikuwa wanalia, wanakumbatiana, wanasema hii ndiyo kali kuliko zote. Watu wakatoka, na Nkasiogi akabaki kwenye benchi lake, anaangalia kioo.

"Mzee," akasema, "mbona anaingia ndani halafu anasema harudi?"

Nikamwambia ndivyo alivyosema. Nikaona usoni mwake kwamba ameelewa aliyesema ni nani. Akanyanyuka, akaniinamishia kichwa kama wanavyowainamishia wazee wao, nikakigusa. Akawachukua dada zake wakaanza safari.

Talaka hakuiomba. Niliiandika mwenyewe wiki ile, mashahidi wawili, nikampelekea Salimu mkononi. Ikram alikuwa ndani anashona, cherehani niliisikia, na sikumwita.

Sasa kila gulio wanaitaka hiyo sehemu ya arobaini. Nikiwawekea nyingine wanapiga miluzi. Wanataka na jibu langu lilelile, kwa sauti ileile. Nilijaribu siku moja kulisema kwa sauti ya mzee, wakanizomea. Basi naweka flashi, nakaa kwenye kigoda changu. Mke wangu ananiacha, namjibu nimesikia, watu wanapiga makofi. Wakishatoka nafagia.